'Pumzika, Mzee': Heshima Iliyogeuka Kifungo

Ijumaa moja tuliswali Buhongwa, ile kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyo ukingoni mwa Jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Usagara na Shinyanga. Baada ya swala watu walitawanyika upesi, kama ilivyo ada ya mji: vijana wakapanda bodaboda zao, wenye maduka wakarudi madukani, na watoto wakakimbilia kwao. Waliobaki barazani walikuwa wazee. Walibaki kwa sababu hapakuwa na mahali walipokuwa wakisubiriwa.

Tuliketi nao. Mmoja wao, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 71, alitueleza kwamba watoto wake wako Dar es Salaam na Dodoma, wote wana kazi, na wote wanampenda. Wamemjengea nyumba nzuri ya bati la rangi. Wamemwekea kijana wa kuchota maji na kulisha kuku. Baiskeli yake wameiuza, wakisema barabara imekuwa na magari mengi, nalo ni kweli. Jembe wamelificha. Kila apigapo simu kuwaambia kwamba anataka kulima kipande kilichobaki nyuma ya nyumba, hujibiwa neno moja: pumzika, mzee, umefanya kazi ya kutosha. Kisha akatuambia kwa sauti ya chini, "Wamenipumzisha kama jembe lililovunjika mpini."

Hatua chache kutoka hapo, kando ya lami, tulimkuta bibi mmoja mwenye umri unaokaribiana na wa mwalimu yule, akiuza dagaa na michembe kwa mafungu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kupanga mafungu yake. Analea wajukuu wanne, ambao mama yao amefariki na baba yao hajulikani aliko. Tulipomweleza habari ya mzee aliyekatazwa kulima, alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu," alisema, "mimi tangu nizaliwe sijasikia mtu akiniambia pumzika."

Tumeanza na watu wawili hawa kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu uzee katika nchi hii huwa ya upande mmoja. Wazungumzaji husimama tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, wakasema wazee ni hazina, wapewe heshima, wapumzike. Hakuna aulizaye ni mzee yupi anayezungumziwa. Wapo walionyang'anywa kazi kwa jina la heshima, na wapo waliotwishwa kazi pasi na msaada wowote. Dawa ya wa kwanza si dawa ya wa pili, na tukizichanganya tutawaumiza wote wawili.

Jambo hili si dogo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania wenye umri wa miaka 60 na zaidi wakiwa karibu milioni 2.5, sensa ya mwaka 2022 iliwakuta wakiwa karibu milioni 3.5. Ni ongezeko la watu wapatao milioni moja katika miaka 10. Kwa uwiano bado ni wachache, chini kidogo ya watu 6 katika kila 100, na ndiyo maana ni rahisi kuwasahau katika nchi ya vijana. Lakini watu milioni 3 na nusu si wa kuwekwa barazani wakasubiri.

Hebu tuitazame Buhongwa yenyewe. Si zamani sana, eneo hili lilikuwa la mashamba ya mihogo, mahindi na viazi, na mifugo ikichungwa vilimani katikati ya mawe. Mji ulipopanuka kutoka Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Mkolani, mashamba yakapimwa viwanja, na viwanja vikawa nyumba. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, ukanda huu wa kusini ya jiji ulizidi kuwa njia ya kila mtu aendaye Sengerema, Geita na Kagera. Haya ni maendeleo, nasi hatuyapingi. Ila maendeleo haya yamemwondolea mzee kazi yake bila ya mtu yeyote kukusudia. Mzee wa Kisukuma wa zamani, namhala, alikuwa na shughuli mpaka siku ya mwisho: kukagua mifugo, kuamua kesi za mipaka, kusuka kamba, na jioni kuketi kwenye shikome, ule moto wa uani ambako vijana walifunzwa adabu na historia. Bibi alikuwa na mbegu za kuchagua, viazi vya kukausha na wajukuu wa kulaza. Hakuna aliyemwambia afanye mazoezi ya viungo, kwani maisha yenyewe yalikuwa mazoezi. Leo ng'ombe hawapo, mipaka inaamuliwa na afisa ardhi, na moto wa shikome umerithiwa na televisheni. Mzee amebaki na kiti.

Tukitaka ushahidi wa kile kiti kinachofanya mwilini, hatuna haja ya kwenda mbali. Mashariki ya Mkoa wa Mwanza, ng'ambo ya Meatu, katika bonde la Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao wameendelea kuishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Tangu miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa nao wakihesabu nani anafanya nini. Walikuta kwamba akina bibi waliokwisha kupita umri wa kuzaa hawakukaa kambini kulishwa. Walitoka kuchimba mizizi kama wanawake vijana, na pengine kwa saa nyingi zaidi. Zaidi ya hayo, mama alipokuwa na mtoto mchanga, uzito wa yule mtoto mkubwa aliyeachishwa ziwa ulifuatana na bidii ya bibi yake. Watafiti hao wakafikia kusema kwamba huenda binadamu amejaaliwa kuishi miaka mingi baada ya ukomo wa kuzaa kwa sababu hiyo: bibi ana kazi. Mtu anaweza kuibishia nadharia hiyo, na wapo wanaoibishia, lakini zile saa zilizohesabiwa porini hazibishiwi. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba Wahadzabe huutumikisha mwili kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, wazee wakiwemo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limeridhika na dakika 150 kwa wiki kwa mtu aliyepita miaka 65, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha mizani ya mwili siku tatu za wiki ili asianguke. Mwalimu yule wa Buhongwa angezipata dakika hizo nyuma ya nyumba yake, laiti angerudishiwa jembe.

Na akili nayo ni kiungo. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, madaktari walipowapima wazee wa vijiji sita wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2010, walikadiria kwamba zaidi ya 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule ambao mitaani huitwa uzee tu, au hurushiwa majini na husuda. Hakuna dawa ya kuuponya. Lakini baadaye, katika wilaya hiyo hiyo, wagonjwa wachache walikusanywa katika vikundi vidogo, mara mbili kwa juma, kwa vikao 14 vya mazungumzo, michezo na kukumbushana mambo ya zamani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika kufikiri na kupungua kwa wasiwasi. Lilikuwa jaribio dogo, wala hatutaki kulikuza kupita kiasi. Ila mtu aliyewahi kuona wazee wakicheza bao chini ya mwembe, wakitaniana na kubishana ni nani alikuwa mkuu wa mkoa mwaka gani, atatambua kwamba vikao hivyo si vigeni kwetu.

Sasa tufike kwenye neno linalopendwa sana siku hizi, nalo ni kuwa na mtazamo mwema juu ya uzee. Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walitoa utafiti uliowafuatilia watu mia kadhaa wa jimbo la Ohio, Marekani, waliokuwa na miaka 50 na zaidi, kwa muda wa takriban miaka 23. Wale waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi miaka 7 na nusu zaidi ya wale waliouona kwa jicho baya. Tangu hapo habari hii imesomwa na wengi kana kwamba ni hirizi: tabasamu, utaishi. Sisi tunaisoma vingine. Mtu hajitungii mwenyewe mtazamo wake juu ya uzee. Huupokea kwa watu wanaomzunguka. Mzee anayeambiwa kila siku kwamba zama zake zimepita, kwamba asiguse hiki na asibebe kile, mwishowe huamini. Na mzee ambaye hajui wajukuu watakula nini usiku hawezi kuambiwa na mtu aliyeshiba kwamba tatizo lake ni mtazamo.

Hapa tuseme kweli juu yetu wenyewe, kwani sisi wa misikitini hatujasalimika. Mara ngapi tumesikia mawaidha ambayo, yakimfikia mtu wa miaka 60, humwambia jambo moja tu: kaburi linakuita? Kukumbuka mauti ni wajibu wa kila mtu, kijana na mzee, na vijana wa bodaboda wa barabara hii ya Shinyanga wanalijua hilo kuliko wengi. Lakini kumkumbusha mzee mauti peke yake, bila ya kumkumbusha kazi iliyobaki, si mafunzo tuliyoachiwa. Katika hadithi aliyoipokea Anas bin Malik, na ambayo Imam Ahmad ameinukuu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata kama Kiyama kitamkuta mtu ameshika mche mkononi, naye akaweza kuupanda, basi na aupande. Mche huo hautazaa wala hautamtia mtu kivuli, na bado ameambiwa aupande. Anas mwenyewe aliishi zaidi ya miaka 90, akifundisha watu Basra. Ama aya ya 23 ya Suratul Israa, tunayoitaja kila tunapowazungumzia wazazi, imetukataza kuwaonyesha hata kero ndogo na imetutaka tuwasemeze kwa heshima. Haikutuamrisha kuwanyang'anya jembe.

Kisha tazama majengo yetu. Misikiti mingi mipya imejengwa kwa ghorofa, ngazi zimesimama kama mlima, hazina kishikio, na mahali pa kutilia udhu pana vigae vinavyoteleza. Mzee wa miaka 75 akiteleza hapo na nyonga ikavunjika, aghalabu huo ndio mwisho wa kutembea kwake. Akina bibi ndio waliosahauliwa zaidi: pengine nafasi yao ni chumba kidogo cha nyuma au ghorofa ya juu kabisa. Halafu tunashangaa kwa nini hawaji. Mtu aliyekuwa akitembea kwenda msikitini mara tano kwa siku alikuwa na mazoezi, marafiki, habari za mji na sababu ya kuvaa kanzu safi. Ngazi isiyo na kishikio imempokonya vyote hivyo kwa pamoja, na gharama ya kishikio ni bomba la chuma na siku moja ya fundi.

Kwa wanawake wazee wa Kanda ya Ziwa lipo jambo zito zaidi ambalo haingekuwa uaminifu kulipita. Kwa miongo mingi mikoa ya Mwanza, Shinyanga na jirani zake imebeba aibu ya mauaji ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi. Dalili iliyotajwa mara nyingi ilikuwa macho mekundu, ambayo huletwa na moshi wa kuni na samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha. Pengine sababu ya kweli ilikuwa shamba ambalo mjane alikataa kuliachia. Kwa bibi wa namna hii, ushauri wa kutoka, kutembea na kuchangamka ungekuwa kama dhihaka. Mwanamke mzee atembeaye peke yake asubuhi, achumaye majani, aishiye bila mume na bado ana nguvu za kulima, ndiye hasa aliyenyooshewa kidole. Uchangamfu wake ulihesabiwa kuwa ushahidi. Shirika la HelpAge International pamoja na asasi ya Maperece ya Magu walianza na mambo yanayoonekana madogo: majiko yasiyotoa moshi mwingi, nyumba imara, elimu ya haki za mjane na mirathi. Tunasema yanaonekana madogo, kwani jiko hilo lilikuwa likiokoa macho, na macho yakiokoa shingo.

Na yule bibi wa dagaa? Kwake tatizo si kukosa shughuli. Katika ufuo wa magharibi wa ziwa hili, mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, kizazi kizima cha akina bibi kilijikuta kikilea upya. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi uitwao Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee walezi kiasi kidogo cha fedha kila mwezi, pensheni ndogo isiyo na masharti ya kuhudhuria semina. Tathmini ya mradi huo, iliyotolewa mwaka 2008, ilibeba jina la vitu walivyovinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Waliokuwa wakisema kwamba mzee akipewa fedha atazichezea walipaswa kuisoma orodha hiyo.

Serikali zimeona. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa shilingi 2,000 za huko kwa wenye umri huo huo. Upande wa Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi mengi, yakiwemo matibabu bila malipo kwa mzee asiyejiweza, lakini sera si sheria, na mzee aliyefika dirishani akaambiwa dawa zimekwisha hana pa kuishtakia sera. Kaya maskini hufikiwa na TASAF, kwa kipimo cha umaskini wa kaya na si cha umri. Mjadala mkubwa wa miaka ya karibuni, ule wa kikokotoo, ambao mwaka 2022 ulifikisha malipo ya mkupuo kwenye asilimia 33 na mwaka 2024 ukayapandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50, ulikuwa mjadala wa haki. Lakini ulikuwa wa walioajiriwa rasmi. Bibi wa dagaa hana kikokotoo. Hajawahi kukatwa mchango kwa kuwa hajawahi kuwa na mshahara, ingawa amefanya kazi tangu akiwa na miaka saba.

Tukitafuta mtu wa karibu aliyeuvaa uzee vizuri, wengi watamtaja marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyezaliwa Mei 1925 na kufariki tarehe 29 Februari 2024 akiwa na miaka 98. Aliondoka Ikulu mwaka 1995 akiwa na miaka 70, umri ambao wengi hukabidhi hata funguo za ghala. Aliishi zaidi ya robo karne baadaye, akijulikana kwa matembezi yake na kiasi katika chakula, akihudhuria shughuli za dini na za taifa, na siku alipotimiza miaka 96 kitabu cha maisha yake kilizinduliwa. Machi 2009, akiwa na miaka 83, kijana mmoja alimpiga kofi hadharani katika Baraza la Maulid, ukumbi wa Diamond Jubilee. Hakujifungia ndani baada ya siku hiyo. Ni kweli kwamba si kila mzee ana walinzi wa kutembea naye asubuhi, wala daktari wa kumpima presha kila mara. Lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia akae kitini, na kama alikuwapo, hakusikilizwa.

Turudi barazani Buhongwa. Mwalimu yule alifundisha hesabu kwa miaka zaidi ya 30. Nyuma ya msikiti ule pana madrasa, ambapo kila jioni watoto huja kusoma Kurani, na wengi wao hawajui kugawanya. Alitueleza kwamba aliwahi kuiandikia kamati barua, kwa mwandiko wake mzuri wa kialimu, akiomba apewe saa moja kabla ya darsa kuwafundisha watoto hao hesabu bila malipo. Tulimuuliza mjumbe mmoja wa kamati kuhusu barua hiyo. Alikiri kwamba imepokewa, akaisifu, akasema mzee ni mtu wa kuheshimiwa sana na hawataki kumchosha, ila kamati itakaa ilijadili. Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani iliyopita. Kamati haijakaa.